Udongo wa Mlimani

Mvua kubwa inapoanguka juu ya shamba la mteremkoni lililolimwa sesa, yaani bila matuta, kila tone hupasua donge dogo la udongo. Chembe zinazopasuka huziba matundu ya ardhi, na maji yaliyokosa pa kuingilia huanza kushuka. Mwanzoni hushuka kama utando mwembamba ambao mpita njia hauoni. Baadaye huchora vijifereji, na vijifereji vikikutana huzaa korongo. Kinachotangulia kuondoka ni tabaka la juu lenye mboji, ambalo huchukua karne nyingi kujengeka na ambalo unene wake milimani mara nyingi hupimwa kwa sentimita tu. Chini yake hubaki udongo mwekundu mgumu, au mwamba.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulijua jambo hili kuliko sehemu nyingi za bara. Mvua ya kutegemewa huku huangukia milimani. Nyanda za chini zina ukame wa mara kwa mara, zina malaria, na maeneo mengi yake yalikuwa na mbung'o wasiomruhusu mtu kufuga ng'ombe. Kwa hiyo watu walipanda juu na kubanana huko: Kilimanjaro, Upare, Usambara, Uluguru, Umatengo, Rungwe, vilima vya Ukambani, Kigezi, Rwanda, Burundi. Sehemu kubwa ya historia ya kilimo cha eneo hili ni historia ya mteremko, na historia hiyo ina swali moja linalojirudia katika kila kizazi: nani anaifanya kazi ya kuuzuia udongo usishuke, na nani anakula matunda ya kazi hiyo? Pale ambapo mchimbaji na mvunaji walikuwa watu wa nyumba moja, mashamba ya milimani yalidumu kwa karne. Pale ambapo kazi ilishuka kutoka boma la serikali kama amri, ilifanywa shingo upande au ilikataliwa kabisa, hata ilipokuwa kazi yenye manufaa.

Njia ya kwanza ya kuuhifadhi udongo ilikuwa kuuacha. Mkulima alifyeka kipande cha msitu au pori, akachoma, akapanda mtama au ulezi katika majivu kwa misimu miwili mitatu, kisha akahamia kipande kingine na kukiacha kile cha kwanza kilale kwa miaka kumi, ishirini au zaidi. Maofisa wa kikoloni waliuita utaratibu huu uharibifu na uvivu. Ukihesabiwa kwa jasho, hata hivyo, kilimo cha kuhamahama humpa mtu chakula kingi kwa siku chache za kazi, na miti inayorudi hufanya bure ile kazi ambayo samadi na matuta hufanya kwa taabu. Sharti lake ni moja tu: ardhi iwe nyingi kuliko watu. Mwaka 1965 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alitoa hoja kwamba wakulima hawazidishi kazi shambani kwa sababu wamegundua mbinu mpya, ila kwa sababu idadi yao imewafunga na hawana tena pa kuhamia. Hoja hiyo imepingwa na kurekebishwa mara nyingi, lakini milima ya Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali inapoonekana ina nguvu, mradi liongezwe jambo moja ambalo Boserup hakulipa uzito wa kutosha: watu hawabanwi na idadi yao peke yake. Hubanwa pia na vita, na mipaka, na sheria.

Engaruka ni ushahidi wa zamani, unaoonekana kwa macho, wa watu waliozidisha kazi shambani badala ya kuhama. Mahali hapo, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, mvua ya mwaka ni haba mno kwa kilimo cha kutegemea mawingu. Hata hivyo, kuanzia kama karne ya 15, watu waliishi hapo kwa vijiji vilivyopangwa juu ya majukwaa ya mawe, wakaiteka mito inayoporomoka kutoka ukutani na kuisambaza kwa mifereji katika mashamba yapatayo hekta 2,000. Sehemu za mashamba hayo zilijengwa kwa makusudi ili zinase tope. Maji ya mto yalifikishwa kwenye vizuizi vya mawe, yakatulia, yakaacha mzigo wao, na shamba likainuka tabaka baada ya tabaka. Waliolima Engaruka waligeuza mmomonyoko wa mahali pengine kuwa ardhi yao wenyewe. Kufikia karne ya 19 walikuwa wameondoka. Wapo wataalamu wanaotaja kupungua kwa maji ya mito, wapo wanaotaja kuchoka kwa udongo, wapo wanaotaja shinikizo la wafugaji. Mawe yamebaki yamepangwa vizuri vile vile, na hayasemi.

Umatengo, katika wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, unasimulia vizuri zaidi kwa sababu kazi yenyewe bado inafanyika. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipofika kutoka kusini na kuvamia, Wamatengo walikimbilia milima yenye miteremko mikali na kujikuta wengi katika eneo dogo. Humo kikakua kilimo cha ngoro. Mvua za masika zinapoelekea mwisho, mwanaume hufyeka majani marefu yaliyoota shambani wakati wa mapumziko. Majani hayo hulazwa chini kwa mistari inayokatana, hata shamba zima likawa miraba yenye upana wa mita moja na nusu hivi hadi mbili. Kisha mwanamke huingia na jembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya majani yaliyolazwa, mpaka mistari ikawa matuta na katikati pakawa shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata huja mahindi, na baadaye shamba hupumzishwa kabla ya kuchimbwa upya, safari hii matuta mapya yakipita palipokuwa na mashimo.

Ukitazamwa kutoka ng'ambo ya bonde, mlima wa ngoro hufanana na sega la nyuki. Uzuri huo una kazi. Kila shimo hupokea maji ya mraba wake na kuyazamisha ardhini taratibu, na tope linalosombwa hutua shimoni badala ya kufika mtoni. Majani yaliyozikwa huoza na kuwa mbolea chini ya mizizi ya maharage. Tuta likibomoka, maji yake huangukia shimo la chini yake, na hasara huishia hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walioichunguza mbinu hii pamoja na wenzao wa Japani walikuta kwamba inahifadhi udongo kwenye miteremko ambayo vitabu vya kilimo huagiza isilimwe kabisa. Kwa hesabu ya vitabu hivyo, Umatengo ungekuwa mwamba mtupu zamani.

Wachagga wa Kilimanjaro walichagua njia nyingine: kuufanya mlima ubaki kama msitu huku unalimwa. Kihamba cha Mchagga, yaani shamba lake la nyumbani, kina ghorofa. Juu kabisa husimama miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Matone ya mvua hufika ardhini yamekwisha kuvunjwa nguvu mara tatu nne. Ng'ombe hufugwa ndani, na samadi yake hurudishwa kwenye migomba. Maji ya mlimani hufikishwa shambani kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa kufuata kiwango cha mteremko bila chombo chochote cha kupimia isipokuwa macho na maji yenyewe, ikatunzwa kwa zamu na wale walioitumia. Kihamba hurithiwa ndani ya ukoo, wazee huzikwa humo humo, na mtu aliyepanda mti alikuwa na hakika ya jina la atakayeukata. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, iliingia katika ghorofa ya tatu bila kuvunja nyumba. Kufikia 1925 wakulima walikuwa na chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikaja chama cha ushirika cha KNCU, ambacho fedha yake ilijenga shule na kuwatoa watoto mlimani.

Hapa msifiaji anapaswa kujizuia. Majani ya kulishia ng'ombe wa kihamba hayakuota kihambani. Yalikatwa nyanda za chini na kupandishwa mlimani kila siku juu ya vichwa vya wanawake, kwa hiyo rutuba ya juu ilikuwa imehamishwa kutoka chini kwa shingo zao. Na ngoro, kama ilivyoonekana, mwanaume huifyeka kwa siku chache na mwanamke huichimba kwa wiki. Mifumo inayoitwa endelevu na watu wa mikutano ilikuwa endelevu kwa udongo. Kwa mgongo wa mwanamke ni habari nyingine, na ni ajabu jinsi maandishi mengi juu ya hekima ya jadi yanavyoipita habari hiyo kwa sentensi moja.

Miaka ya 1890 ilivuruga uwiano wote uliokuwapo. Sotoka iliingia kutoka kaskazini ikaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, na nyuma yake zikafuata ndui, njaa na vita vya ukoloni. Malisho yasiyoliwa yaligeuka vichaka, vichaka vikakaribisha mbung'o, na nchi zilizokuwa na watu zikawa pori. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu udhibiti wa mazingira katika historia ya Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mapori ambayo Wazungu waliyakuta na kuyadhani ya asili yalikuwa, kwa sehemu, mashamba na malisho ya watu waliokufa au kukimbia. Kosa hilo la kuangalia lilikuwa na matokeo. Ardhi iliyoonekana haina mwenyewe ilipewa walowezi au wanyamapori. Nchini Kenya sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliwafungia Waafrika ndani ya mipaka ya hifadhi za kikabila wakati idadi yao ilipoanza kupanda tena. Wakamba walipoteza malisho waliyoyategemea nyakati za kiangazi. Kuhamia kwingine kukawa kosa la jinai, na shamba halikulala tena.

Katika miaka ya 1930 udongo ukawa shauri la serikali. Upepo ulikuwa umepeperusha mashamba ya nyanda za kati za Marekani, picha za mawingu ya vumbi zilizunguka dunia, na maofisa wa kilimo wa Kiingereza katika makoloni walianza kuona jangwa kila walipotazama. Machakos, wilaya ya Wakamba nchini Kenya, kulikuwa na cha kuonekana. Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti mwaka 1937 akiieleza Ukamba kama nchi inayokwenda kuwa mawe na mchanga mtupu. Hakusema uongo juu ya makorongo. Alichokosea ni mwenye kosa: aliwaona ng'ombe wengi na wakulima wasiojali, akaupa uzito mdogo ule mpaka uliowabana wote wawili mahali pamoja. Serikali iliamua kupunguza mifugo kwa nguvu, na ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha upunguzaji wa lazima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili amri zilirudi, safari hii zikiwa za matuta. Huko Murang'a, Kenya, wanawake, ambao ndio waliochimba, waligoma mwaka 1947 na kuendelea mwaka uliofuata. Tanganyika ilikuwa na mipango yake Usambara, Upare na Uluguru. Ule wa Uluguru, ulioanza mwaka 1950, ndio unaofundisha zaidi kwa sababu ulishindwa pande zote mbili, ya siasa na ya udongo. Maofisa walitaka ngazi pana zikatwe kwenye milima ambayo udongo wake wa juu ni mwembamba. Kukata ngazi kulizika tabaka lenye rutuba na kuliinua juu tabaka lililokufa, na mahindi yaliyopandwa juu ya ngazi mpya yakatoka dhaifu kuliko yale ya jirani aliyelima kama babu yake. Zaidi ya hapo, ardhi ya Waluguru ilikuwa mali ya ukoo wa upande wa mama, na wengi walilima vipande walivyoazimwa. Kujenga ngazi juu ya kipande cha kuazima ni kumjengea mwenye ardhi, na pia ni kumtia shaka kwamba unataka kukichukua. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. TANU, chama cha kudai uhuru kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, hakikuhitaji kutunga hoja ya kuwaingiza Waluguru chamani, kwani boma lilikuwa limekwisha kuitunga.

Mpango wa karanga wa Kongwa haukuwa wa mteremkoni, lakini ni wa kizazi kile kile na una kiburi kile kile. Waingereza walianza mwaka 1947 wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa matrekta, baadhi yake yakiwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa. Udongo wa Ugogo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua ikafanya inavyofanya Ugogo, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Wagogo walioishi hapo na kujua kwa nini hawakulima karanga kwa wingi hawakuulizwa.

Machakos, wakati huo, palikuwa panageuka polepole bila kelele. Kulikuwa na aina ya tuta ambayo wakulima wenyewe waliipendelea, nayo imeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kwenye kontua na kuutupa udongo upande wa juu wa mtaro, ukawa ukingo. Tope linaloshuka hunaswa na ukingo huo, na baada ya misimu kadhaa mteremko hujilaza wenyewe ukawa ngazi, bila kuzika udongo mzuri kama ilivyotokea Uluguru. Majani ya tembo hupandwa juu ya ukingo ili kuushika, yakawa pia chakula cha ng'ombe. Ni kazi nzito ya jembe na sururu, lakini inaweza kugawanywa katika misimu, na katika Ukamba iligawanywa pia kati ya majirani kwa mwethya, vikundi vya kazi ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Ni wanawake kama wale ambao kwingineko waligoma walipoamriwa. Tofauti ni kwamba mwethya ulichimba leo kwa mmoja na kesho kwa mwingine, na kila mmoja alijua siku yake.

Sababu ya wakulima kuukubali ukingo huo haikuwa ile iliyohubiriwa na bwana shamba. Ofisa alizungumza juu ya udongo, mkulima aliangalia maji. Katika nchi ambayo mvua huweza kukatika mahindi yakiwa yanachanua, mtaro unaobakiza unyevu kwa wiki mbili zaidi ni tofauti kati ya kuvuna na kutovuna. Kisha zikaja sababu za fedha. Miaka ya 1950 Wakamba waliruhusiwa kupanda kahawa, kwa sharti la kupanda kwenye ngazi. Nairobi ilikua, barabara zikaboreshwa, na mboga na matunda vikapata soko. Mishahara ya waliofanya kazi mjini na jeshini ilirudi nyumbani ikalipa vibarua wa kuchimba. Na ardhi ilikuwa na mwenyewe: mila ya Kikamba ilikuwa imekwisha kumtambua mtu aliyezungushia kipande chake cha malisho, kisesi, kabla ya hati za serikali kuanza kutolewa.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wilaya hiyo. Watu wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takriban 1,400,000 mwaka 1989, na katika muda huo huo miteremko iliyopigwa picha na maofisa wa kikoloni kama mfano wa maangamizi ilikuwa imefunikwa kwa ngazi na miti. Kitabu hicho kilisomwa sana, na kilisomwa na wengine kwa pupa, kama kwamba idadi ya watu peke yake inatibu ardhi. Wakosoaji walikumbusha kwamba si kila wilaya ina Nairobi mlangoni pake, kwamba familia isiyo na mtu mwenye mshahara haikuweza kuchimba kama jirani yake, na kwamba maeneo makavu ya upande wa Makueni yalibaki na njaa za mara kwa mara. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Ngazi za Machakos zilijengwa kwa fedha ya mjini kama zilivyojengwa kwa jembe. Mji nao haukuacha kudai chake: mchanga wa mito ya Ukamba huchotwa kwa malori kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi, na mto uliochotwa mchanga wake hupoteza maji yaliyojificha ndani yake.

Huko Kondoa, serikali ya Tanzania ilijaribu dawa kali zaidi. Makorongo ya Irangi, milima ya Kondoa, ni mapana na mekundu, na tarehe zilizopimwa kwenye tabaka za mchanga wake zinaonyesha kwamba mmomonyoko ulikuwapo karne nyingi kabla ya Mjerumani, ingawa biashara, ukoloni na wingi wa mifugo viliuzidisha. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliochimba makingamaji na kupanda miti. Makorongo hayakutulia. Mwaka 1979 serikali ilichukua hatua ambayo Waingereza walishindwa kuitimiza Ukamba: iliagiza mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda walitoka.

Majani yalirudi kwa kasi iliyowashangaza wengi. Miti ya asili ilichipua kutoka visiki ambavyo vilidhaniwa vimekufa, na baadhi ya mabonde yaliyojaa mchanga yakawa mashamba mapya. Kwa mtazamo wa mteremko, dawa ilifanya kazi. Watu wa Kondoa walipoteza maziwa, samadi, maksai wa kulimia na akiba yao ya siku mbaya, na wenye uwezo waliwahamishia ng'ombe wao kwa jamaa katika nyika za jirani, ambako kwato hazikuwa nyepesi kuliko zilivyokuwa Irangi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa ndani, wanaokatiwa majani. Mfumo wa kihamba ulikuwa umefika Kondoa kwa kupitia ofisi ya serikali.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 haikuhusu udongo hata kidogo, na pengine ndiyo sababu iliuathiri. Mamilioni waliohamishiwa vijijini walijikuta wote wakilima na kukata kuni kwa kuzunguka kituo kimoja. Mashamba ya karibu yalilimwa bila kupumzika, ya mbali yakaachwa kwa ngedere na nguruwe, na mtu aliyekwisha kuhamishwa mara moja hakuwa na haraka ya kupanda mti.

Udongo unaoondoka hufika mahali. Mto Athi, unaoanzia karibu na Nairobi na kupokea maji ya vilima vya Machakos, hubadilika jina njiani na kuingia Bahari ya Hindi ukiwa Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Baada ya mvua kubwa bahari ya Malindi huwa nyekundu. Matumbawe ya hapo hukua kwa tabaka za kila mwaka, kama miti, na ndani ya kila tabaka huhifadhi bariamu inayoachiwa na chembe za udongo zinapokutana na maji ya chumvi. Watafiti walitoboa tumbawe moja lenye umri wa karne tatu, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2007 yakaonyesha kwamba katika karne mbili za kwanza kiasi cha udongo kilichofika baharini kilikuwa kidogo na tulivu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilianza kupanda, wakati wa reli, walowezi na hifadhi za kikabila, na kikaendelea kupanda. Maher alipokuwa akihesabu makorongo na ng'ombe, tumbawe lilikuwa tayari limeandika tarehe ya kuanza kwake, nayo haikuwa tarehe ya kufika kwa Wakamba nchini mwao.

Tumbawe halionyeshi wazi ngazi za Machakos, na hilo limewafanya wengine kutilia shaka muujiza wake. Maelezo mojawapo ni kwamba tope lililokwisha kutoka shambani halifiki baharini siku ile ile. Hutua vitandani mwa mito na kusafiri kwa mafuriko ya miongo mingi, na makorongo na barabara za udongo huendelea kuongeza chao hata mashamba yakinyamaza. Katika mito mingine mabwawa nayo hupokea sehemu ya mzigo. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, limejaa tope kwa kasi kuliko wahandisi walivyotarajia, na kila mita ya tope ni maji ambayo hayazungushi tena mitambo ya umeme.

Tope hili ndilo lililobadilisha lugha ya mazungumzo. Mto Ruvu hutoka Uluguru na kuinywesha Dar es Salaam, na maji yake yakiwa mekundu gharama ya kuyasafisha hupanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa malipo kwa wakulima wa Kibungo, katika Uluguru, wanaochimba fanya juu, kupanda miti na kuacha kuchoma mashamba. Kampuni ya maji ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa waliochangia malipo hayo. Nchini Kenya mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, huwasaidia wakulima wa miteremko ya Murang'a na jirani zake kwa miche, majani ya kushikia kingo na matangi ya kuvunia mvua, kwa sababu kulizuia tope juu ni nafuu kuliko kulichuja chini.

Uluguru wa Matombo na Murang'a ya wanawake waliogoma ndiko hasa matuta yalikokuja kulipiwa. Mitaro ilichimbwa kwa majembe yale yale na, kwa sehemu kubwa, na wanawake vile vile. Malipo yalikuwa madogo kwa kila ekari na hukoma fedha za mfadhili zinapokoma, ilhali ngazi huhitaji kukarabatiwa kila msimu. Suala la ardhi ya kuazima, lililochangia kuuangusha mpango wa Uluguru mwaka 1955, bado lipo: katika ukoo wa Kiluguru kupanda mti wa kudumu kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kudai shamba, kwa hiyo asiye na ardhi yake hulazimika kwanza kuomba ruhusa ya wenye ukoo kabla ya kuingia katika mpango kama huo, na wapo wanaoona ni salama zaidi kuendelea na sesa.